Mizani ya Waamuzi: Mipango ya Biashara ya Wanafunzi Hupimwaje?





Siku hizi si ajabu kijana kurudi nyumbani kutoka shuleni au chuoni akasema, "Mama, tumeingia katika mashindano ya mipango ya biashara." Wazazi hufurahi, huomba dua, hutoa nauli na pesa za kupigia chapa karatasi. Kisha siku yenyewe hufika. Timu moja hushinda, na kumi nyingine hurudi mikono mitupu. Hapo ndipo maneno huanza: waamuzi walipendelea, wale ni wa shule kubwa, Kiingereza chetu ndicho kilichotuangusha. Mzazi naye, kwa kuwa hajui vijana wale walipimwa kwa kipimo gani, hukosa la kumwambia mwanawe. Wako wanaofikia kusema neno zito zaidi: "Basi mwanangu, biashara si fungu lako." Neno kama hilo likishamwingia binti wa miaka 17 halitoki upesi.

Makala haya yanakusudia kuifunua mizani hiyo ili kila familia iione. Mzazi akishajua waamuzi wanatazama nini, atajua namna ya kumwandaa mwanawe kabla ya siku ya mashindano, na atajua namna ya kuipokea hukumu baada yake. Karatasi ya alama hupima maandalizi na ukweli wa mpango kwa siku ile moja. Haikuumbiwa kupima mustakabali wa mtoto.

Asili ya mashindano haya

Wanafunzi wa sheria wana desturi ya zamani ya kuendesha kesi za mfano, ambapo kijana husimama mbele ya mahakimu akatetea hoja zake kana kwamba yumo mahakamani. Mwaka 1984, katika Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, Marekani, wanafunzi wa biashara waliichukua desturi hiyo wakaigeuza: mwanafunzi asimame mbele ya watu wenye mali, aeleze biashara anayotaka kuianzisha, na wao wamhoji. Mwaka 1990 chuo cha MIT kikaanzisha mashindano yake kwa zawadi ya dola 10,000, ambayo baadaye ilipanda hadi dola 100,000. Chuo Kikuu cha Rice, mjini Houston, kilianza mwaka 2001, na siku hizi huchagua timu 42 kutoka mamia ya waombaji. Kutoka huko mtindo huu ulienea duniani, na hapa kwetu Afrika Mashariki umeingia katika vyuo vikuu na hata katika shule za sekondari.

Tukiikumbuka asili hiyo tutaelewa jambo la kwanza ambalo wanafunzi wengi hawaambiwi. Mwamuzi wa mashindano haya si mwalimu anayesahihisha mtihani. Amewekwa mahali pa mtu anayeombwa mtaji. Mwalimu huuliza, "Je, mwanafunzi amejibu sawasawa?" Mwamuzi hujiuliza, "Lau fedha hizi zingekuwa zangu, ningewakabidhi hawa?" Kwa sababu hiyo mpango ulioandikwa kwa lugha safi, usio na kosa hata moja la herufi, unaweza kushindwa na mpango wa maneno machache wenye ushahidi wa kutosha.

Hatua za kupimwa

Aghalabu hukumu hupita katika hatua tatu. Ya kwanza ni muhtasari wa maandishi, kurasa chache tu. Hapa timu nyingi huondolewa kabla ya mwamuzi yeyote kuziona nyuso zao wala kusikia sauti zao. Ya pili ni maelezo ya mdomo, ambayo mara nyingi hupewa dakika kumi hivi au kidogo zaidi. Mashindano ya Rice yana hata duru ambayo kila timu hupewa sekunde 60 tu za kujieleza. Ya tatu ni maswali, na wenye uzoefu husema kwamba hapa ndipo wengi hupanda au huanguka. Maelezo yanaweza kukaririwa, lakini swali haliwezi kukaririwa.

Kila mwamuzi hupewa karatasi ya alama yenye mafungu. Katika mashindano yaliyopangwa vizuri, kila mmoja huandika alama zake peke yake kwanza, kisha wote huketi pamoja wakajadiliana. Utaratibu huu huzuia mwenye sauti kubwa kuwaburuta wenzake. Tena mwamuzi mwenye jamaa au mshirika katika timu fulani hutakiwa kulisema jambo hilo na kujitenga na hukumu ya timu hiyo. Mzazi ana haki ya kuuliza, kwa adabu, kama taratibu hizi zinafuatwa mahali mwanawe anaposhindana.

Mambo yanayotiwa katika mizani

Ili mambo haya yasibaki hewani, natuchukue mfano wa kubuni. Mabanati wanne wa chuo hapa Mombasa wanataka kutengeneza achari ya maembe na kuiuza katika chupa. Mwamuzi atawatazama kwa mafungu yafuatayo, ijapokuwa majina yake hutofautiana kutoka shindano moja hadi jingine.

La kwanza ni haja. Je, kuna mtu mwenye haja ambayo biashara hii inaitimiza? Mabanati wakisema, "Watu wanapenda achari," hawajasema kitu. Wakisema kwamba wauzaji wa viazi karai na mihogo hununua achari kwa ndoo, kwamba achari hiyo huharibika kabla ya kwisha, na kwamba waliwauliza wauzaji ishirini wakapata majibu haya na haya, hapo wamesema.

La pili ni mteja. Waamuzi hawalipendi jibu la "kila mtu ni mteja wetu." Asiyemjua mteja wake kwa sura, kwa mtaa na kwa mfuko wake, hajaanza biashara. Tena mnunuzi mmoja aliyetoa shilingi zake ana uzito kuliko jamaa hamsini waliosema, "Mashaallah, tamu." Kusifu hakuna gharama.

La tatu ni washindani. Vijana wengi hudhani kwamba kusema "hatuna mshindani" ni kujisifu. Mwamuzi huelewa vingine: ama hawakutafuta, ama hakuna anayekihitaji kitu hicho. Mshindani wa achari ya chupa ni mama anayejitengenezea nyumbani, ni kiwanda kikubwa, na hata ni ndimu na pilipili mezani. Anayewataja wote na kueleza tofauti yake huaminiwa.

La nne ni hesabu. Tuseme chupa moja inawagharimu shilingi 120, pamoja na maembe, viungo, chupa yenyewe na karatasi ya jina, nao wanaiuza kwa shilingi 200. Kila chupa inabakisha shilingi 80. Kodi ya chumba, umeme na usafiri ni shilingi 16,000 kwa mwezi. Basi lazima wauze chupa 200 kila mwezi ili wasipate hasara wala faida. Chupa ya 201 ndiyo ya kwanza kuwaletea chochote. Hesabu yenyewe ni ya darasa la msingi, lakini timu nyingi huja na michoro ya rangi inayoonyesha mamilioni baada ya miaka mitano, na zikiulizwa chupa ngapi zitalipa kodi ya mwezi huu, hutazamana.

La tano ni sheria na utekelezaji. Chakula kilichofungashwa kwa kuuzwa humu nchini huhitaji alama ya ubora ya Shirika la Viwango la Kenya, na anayekishika chakula hutakiwa kuwa na cheti cha afya. Msimu wa maembe nao ukipita, achari itatoka wapi? Mwamuzi huuliza haya kwa sababu biashara nyingi huangukia hapa hata pale ambapo wazo lilikuwa jema.

La sita ni timu. Nani anajua kupika, nani anashika daftari, nani anauza? Wanne wote wakiwa ni wapishi, nani atakwenda sokoni Marikiti kupatana bei ya maembe? Waamuzi hutazama pia namna wanavyoshirikiana pale mbele. Mmoja akizungumza peke yake ilhali wengine wamesimama kama nguzo, jambo hilo huandikwa.

La saba ni ombi lenyewe. Wanataka kiasi gani, watakifanyia nini, na mtoaji atapata nini? Hapa familia nazo zifumbue macho. Mashindano mengine hutoa zawadi isiyorudishwa. Mengine hutoa fedha kwa sharti kwamba mtoaji awe mwenye hisa katika biashara, kama ilivyo kwa sehemu ya zawadi za Rice, na huo ni ushirika wenye haki za pande mbili. Masharti hayo husomwa kabla ya kuingia, si baada ya kupigiwa makofi.

Kila shindano na kipimo chake

Kosa linalowagharimu vijana wengi ni kuupeleka mpango mmoja katika mashindano matatu bila ya kuubadilisha. Shindano linaloendeshwa na wawekezaji huuliza biashara itakua kiasi gani. Mashindano ya Enactus, ambayo vyuo vikuu vya Kenya hushiriki, huuliza timu imetumia vipi biashara kuinua maisha ya watu, bila ya kuharibu mazingira, na kwa namna itakayodumu. Timu moja inaweza kuwa ya kwanza hapa na ya mwisho kule, na hukumu zote mbili zikawa za haki, kwa kuwa vipimo ni viwili.

Mfano mmoja unatugusa. Shindano la kimataifa la wanafunzi liitwalo Hult Prize, lenye zawadi ya dola milioni 1, mwaka 2016 liliwataka vijana waeleze namna ya kuinua kipato cha watu katika miji iliyosongamana. Walioshinda walitoka Earlham, chuo kidogo cha jimbo la Indiana, Marekani, na miongoni mwao alikuwamo kijana wa Kenya. Wazo lao, Magic Bus Ticketing, lilikuwa tiketi za matatu kwa ujumbe mfupi wa simu ya kawaida, ili abiria asipoteze saa nyingi kituoni. Tusidhani kwamba wazo hilo lilikuwa la ajabu. Kila aliyewahi kusimama kituoni jioni anaijua shida ile. Nguvu yao ilikuwa ni kwamba shida waliijua kwa ndani, na huduma yao walikwenda kuijaribu Nairobi kwa abiria wenyewe. Chuo kidogo hakikuwazuia.

Waamuzi ni wanadamu

Pamoja na hayo, itakuwa si uadilifu kumwambia mzazi kwamba mizani hii haina kasoro. Mwaka 2014 watafiti wa Marekani walichapisha uchunguzi katika jarida la Chuo cha Taifa cha Sayansi cha nchi hiyo. Walichukua maelezo yale yale ya biashara, neno kwa neno, wakayarekodi kwa sauti ya mwanamume na kwa sauti ya mwanamke, kisha wakawauliza watu ni biashara ipi wangeipa fedha. Takriban asilimia 68 walichagua ile iliyosemwa kwa sauti ya mwanamume. Maneno hayakubadilika, iliyobadilika ni sauti.

Uchunguzi mwingine, uliochapishwa mwaka 2018, ulisikiliza maswali ambayo wawekezaji waliwauliza washiriki wa shindano kubwa la kampuni changa mjini New York. Wanaume waliulizwa zaidi maswali ya kukua: mtapata wateja wangapi, mtafika wapi. Wanawake waliulizwa zaidi maswali ya kujihami: mtawalindaje wateja mlio nao, mtaepukaje hasara. Anayeulizwa kuhusu hasara hujibu kuhusu hasara, na mwisho wake huonekana kama mtu asiye na matumaini. Hata hivyo watafiti waliona pia kwamba walioulizwa swali la hasara wakalijibu kwa kueleza namna biashara itakavyokua, walipata fedha nyingi zaidi kuliko waliobaki katika kujitetea.

Hili ni funzo kwa kila mwenye binti. Akiulizwa, "Je, wateja wakiwakimbia?" asiishie kusema, "Tutajitahidi wasikimbie." Aseme, "Kati ya wauzaji kumi walionunua mwezi wa kwanza, saba wamerudi kununua tena, na kila mmoja ametuletea mwenzake. Ndiyo njia tutakayopanukia." Amelijibu swali, na ameifungua njia ya mbele. Hilo hujifunzwa kwa mazoezi, wala halihitaji kupandisha sauti.

Mizani isichoweza kukipima

Sasa tuje katika jambo zito kuliko yote. Je, waamuzi wanaweza kujua ni nani atakayefanikiwa?

Mwaka 2011 serikali ya Nigeria ilianzisha shindano la mipango ya biashara kwa vijana, lililoitwa YouWiN. Waliomba karibu watu 24,000, wakashinda 1,200, kila mmoja akapata kwa wastani kiasi cha dola 50,000. Sehemu ya washindi walichaguliwa kwa alama za juu, na sehemu nyingine kwa kura miongoni mwa waliofikia nusu fainali. Utaratibu huo ulimwezesha David McKenzie, mchumi wa Benki ya Dunia, kuwafuatilia waliopata na waliokosa. Aliona kwamba fedha zile zilileta faida ya wazi: waliopata walifungua biashara zaidi, biashara zao ziliishi zaidi, na waliajiri watu zaidi. Lakini yeye na mwenziwe walipozitazama alama ambazo waamuzi waliziandika juu ya mipango, waliona hazikuonyesha ni nani biashara yake itakua na nani atakwama miaka mitatu baadaye.

Natuyazingatie hayo kwa utulivu. Waamuzi walikuwa watu wenye ujuzi, karatasi zilikuwapo, kazi ilifanywa. Ila mustakabali wa biashara hujengwa na mambo ambayo hayamo katika karatasi: subira ya mwenyewe, afya yake, bei za sokoni, mshirika atakayempata, na yale ambayo mwanadamu hakupewa kuyajua.

Hata MIT walikotangulia wana kisa chao. Mwaka 1998 mwalimu wa hisabati, Tom Leighton, na mwanafunzi wake, Daniel Lewin, waliingia katika shindano la chuo wakiwa na wazo la kuharakisha kurasa za intaneti. Walifika fainali, hawakushinda. Mwaka uliofuata kampuni yao, Akamai, ilikuwa imekwisha kuuza hisa zake katika soko la hisa, na hadi leo ni miongoni mwa kampuni kubwa za kazi hiyo duniani. Waliorudi bila ya zawadi hawakuirudisha biashara yao kabatini.

Kazi ya nyumbani

Basi familia ifanye nini? Kwanza, iombwe karatasi ya alama mapema. Mashindano mengi huitoa kwa anayeuliza, na ajabu ni kwamba wengi hawaulizi. Isomwe fungu kwa fungu, na palipo na alama nyingi pafanyiwe kazi nyingi.

Pili, mzazi asimwandikie mtoto mpango, wala asimlipe mtu amwandikie. Swali la kwanza la mwamuzi litaifichua kazi ya kukodi, na aibu itabaki kwa kijana aliyesimama pale peke yake.

Tatu, tarakimu zisitiwe chumvi. Anayesema ameuza chupa 30 akaonyesha daftari lake ana nguvu kuliko anayesema 3,000 na hana cha kuonyesha. Na anapoulizwa asilolijua, aseme, "Hilo bado hatujalichunguza, na tutalichunguza kwa njia hii." Waamuzi huliheshimu jibu hilo kuliko la kubahatisha.

Nne, mpango usomewe nyanya. Bibi aliyeuza mahamri kwa miaka thelathini huenda hajawahi kuliona neno "mtaji" katika karatasi, lakini atauliza, "Sasa mjukuu wangu, maembe yakipanda bei mtafanyaje?" Mwamuzi atauliza lilo hilo. Akielewa nyanya kwa Kiswahili, kijana atakuwa ameelewa mwenyewe, na maelezo ya Kiingereza yatamjia kwa wepesi.

Tano, baada ya hukumu, aombe maoni ya waamuzi kwa maandishi, akiwa ameshinda au ameshindwa. Maoni hayo ni zawadi ambayo kila timu inaweza kurudi nayo, na mara nyingi huachwa juu ya meza.

Na siku kijana atakaporudi mikono mitupu, tusimwambie kwamba alionewa ikiwa hatuna ushahidi, wala tusimwambie kwamba biashara si fungu lake. Tumuulize mambo matatu: waliulizwa nini wakakosa jibu? Kati ya watu waliowauliza, nani bado anaitaka achari? Na chupa kumi za kwanza zitatengenezwa lini? La tatu halihitaji idhini ya mwamuzi yeyote.